Hita haichemshi maji? Tafuta kilichoiua koili kabla hujanunua nyengine

Kipupwe kikiingia tu, mwezi wa sita hivi upepo wa kusi ukivuma, mafundi tunapigiwa simu za suala moja, fundi hita yangu haichemshi. Na wengi wanapiga wakiwa wameshajipa jibu wenyewe, "koili imeungua, njoo na koili mpya." Mara nyengine ni kweli koili, yaani kile chuma cha ndani kinachochemsha maji, imeungua, lakini mara nyingi tu tatizo lipo pahala pengine kabisa, na hata kama koili ndo imekufa kweli bado kuna suala moja muhimu halijajibiwa, imekufa kwa nini? Mana huku kwetu Zanzibar koili ni nadra kufa kwa uzee, inauliwa, na kilichoiua kama hukukiondoa basi hiyo mpya nayo inakwenda njia ile ile. Zipo nyumba zinabadilisha koili kila mwaka na wenyewe wanalalamika hita za siku hizi mbovu, wakati ubovu upo kwenye maji au upo kwenye waya.

Kwa hiyo naandika hapa namna ya kulitafuta tatizo kuanzia nje kuja ndani, dalili kwa dalili. Nazungumzia zaidi hita ya tangi, ile ya kutundika ukutani ya lita 30, 50 au 80, ndo zilizojaa majumbani na kwenye nyumba za wageni. Zile shawa za umeme zinazochemsha papo hapo ntazieleza mwisho mana zina mambo yake.

KABLA HUJAFUNGUA KITU

Zima breka ya hita, sio swichi ya ukutani peke yake. Nalisisitiza hili kwa sababu waya za nyumba zetu, khasa za Mji Mkongwe na Ng'ambo zilizojengwa zamani, zimeungwa na kuungwa tena na watu tafauti miaka mingi, fezi (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) zimebadilishana, na ukiwa na swichi inayokata waya mmoja tu na huo mmoja ukawa ndo nyutro, basi ukizima taa inazimika, maji hayapati moto, unaona mambo salama, kumbe fezi bado ipo kwenye koili. Swichi ya kweli ya hita ni ile pana ya ampia 20 yenye taa nyekundu, inakata waya zote mbili kwa pamoja. Zima breka, muweke mtu mzima karibu na mita asije mtoto akaipandisha, na ukishafungua kifuniko cha chini cha hita pima kwanza kwa maltimita, kile kifaa cha kupimia umeme, kabla hujatia kidole. Kama huna maltimita au hujui kuitumia, fanya hizi hatua za nje tu, za ndani muachie fundi wa umeme, na wala usione aibu. Volti 230 na miguu imelowa maji ni mauti.

HAKUNA TAA INAYOWAKA KABISA

Hapa anza na vyepesi. Tukuza, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ina uniti? Taa za nyumba zinawaka? Kama nyumba nzima giza basi hita haina kosa. Kama nyumba ina umeme tizama breka ya hita, ikiwa imeshuka ipandishe mara moja tu, ikishuka tena iwache hivyo hivyo usilazimishe, ruka uende kule chini nilikoandika habari ya breka kuruka.

Breka iko juu na bado hakuna taa, sasa tizama pale hita inapopata umeme. Nyumba nyingi hita imechomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ampia 13. Chomoa plagi ukishazima breka, itizame miguu yake na uinuse. Ikiwa imegeuka rangi, plastiki imelainika au kuna harufu ya kuungua umeshaupata ugonjwa, na mara nyingi ndani ya plagi fyuzi nayo imekatika. Hesabu yake ni nyepesi, gawa wati kwa volti, hita ya wati 1500 inavuta kama ampia 6.5, ya wati 2000 inavuta kama 8.7, na ya wati 3000 inafika 13 ambao ndo mwisho wa plagi yenyewe, tena inavuta hivyo saa nzima bila kupumzika, sio kama pasi au birika. Soketi nyepesi za bei ya chini hazistahamili kazi hiyo, chuma chake cha ndani kinalegea, panapolegea pana joto, joto linazidi kukilegeza, mpaka panaungua. Kubadilisha plagi peke yake hapo hujafanya kitu kama soketi ndo iliyolegea, badilisha vyote viwili, na kama hita yako ni ya wati 3000 wachana na plagi kabisa, weka ile swichi ya ampia 20 na waya wa milimita za mraba 2.5 moja kwa moja kutoka kwenye breka yake. Ekstensheni kwenye hita haifai, hata ile nene.

Kwa waliopo karibu na pwani, Nungwi, Paje, Jambiani, Bwejuu huko, kuna adui mwengine. Upepo wa bahari unaingia na chumvi kwenye swichi na kwenye viungo, shaba inaota kutu ya kijani, na baada ya muda waya umeshikwa na skurubu unavyoonekana lakini umeme haupiti au unapita kwa tabu na kuchoma. Fungua, kata ile ncha iliyooza, chuna waya upya mpaka uone shaba inang'aa, kaza vizuri. Hii ni kazi ya dakika chache na nshaona hita zinatupwa kwa sababu hiyo tu.

TAA INAWAKA LAKINI MAJI BARIDI

Hii ndo dalili ya wengi na hapa ndo watu wanapotea, kwa sababu wanasema "taa inawaka" bila ya kusema taa ipi. Zipo mbili. Ya swichi ya ukutani inakwambia tu kwamba umeme umefika kwenye swichi, haijui chochote kinachoendelea ndani ya hita. Ya kwenye hita yenyewe ndo ya kuisoma, na kwenye hita nyingi za kawaida zisizokuwa na skrini taa hiyo imeungwa sambamba na koili, baada ya themostati, kile kifaa kinachopima joto la maji na kukata umeme yakishapata moto. Maana yake ni kwamba inawaka pale tu umeme unapofika kwenye koili.

Sasa ukiijua hiyo umeshapunguza nusu ya kazi. Maji ni baridi na taa ya hita inawaka saa nzima na maji hayabadiliki, basi umeme unafika kwenye koili na koili haifanyi kazi, imekatika ndani. Maji ni baridi na taa ya hita haiwaki wakati ya ukutani inawaka, basi umeme umezuiliwa njiani, yaani themostati au kile kizuizi cha usalama, au waya umechomoka. Ukiona hivyo usinunue koili! Tena sio hita zote zimeungwa hivyo, ukifungua fuata waya wa taa uone umeanzia wapi, ndo uhakika.

Anza na kizuizi cha usalama. Ni kitufe kidogo, aghlabu chekundu, kipo kwenye themostati chini ya kifuniko, kazi yake kukata umeme maji yakipita joto la kawaida na kukaribia nyuzi 90. Kikishakata hakirudi chenyewe mpaka ukibonye. Umeme ukiwa umezimwa breka, kibonye kwa ncha ya bisbisi, ukisikia "tak" basi kilikuwa kimekata. Funga, washa, subiri. Yakipata moto alhamdulillahi, lakini kazi haijesha, kwa nini kilikata? Ikiwa mara moja baada ya umeme kukatika na kurudi rudi unaweza kuiwacha ukaangalia. Ikiwa kinakata tena baada ya siku mbili tatu basi ama themostati imegandana haizimi kwa wakati wake, au koili imevaa chokaa nene joto linarudi kwenye themostati. Wapo wanaokiunga moja kwa moja kwa kipande cha waya ili kisisumbue. Hilo ni hatari kubwa sana naomba mtu yeyote asilifanye wala asikubali fundi alifanye, kile kizuizi ndo kinachozuia tangi lisichemke mpaka likapasuka ukutani juu ya kichwa cha mtu anaekoga.

Themostati unaipima umeme ukiwa umezimwa na maji yakiwa baridi, weka maltimita kwenye mlio, gusa ncha mbili za themostati, inatakiwa ilie mana ikiwa baridi inakuwa imeunganisha njia ya umeme. Hailii hata ukizungusha joto juu, imekufa, badilisha, ni kifaa cha bei nafuu na kinatoka kwa kuchomolewa tu bila kumwaga maji. Nenda nayo dukani hiyo ya zamani, Darajani na Mlandege maduka yapo, kwa Pemba Chake na Wete utapata, mana urefu wa ule msumari wake unatafautiana na ukichukua fupi itasoma joto la pahala sio pake.

Koili unaipima ukishachomoa waya zake, weka maltimita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Ya wati 1500 inatakiwa isome karibu na omu 35, ya 2000 karibu na 26, ya 3000 karibu na 18, ukiona inasoma hapo hapo au karibu yake basi nzima. Ukiona haisomi kitu imekatika. Halafu pima na kitu cha pili ambacho wengi wanakiruka, ncha moja ya koili na bodi ya chuma ya hita, hapo haitakiwi isome chochote kabisa, ikisoma namba yoyote koili inavujisha umeme kwenye maji hata kama bado inachemsha vizuri, na hiyo siku yake ya kutolewa ni leo.

KOILI IMEKUFA KWELI, SASA NI NANI KAIUA

Hapa ndo pa kukaa. Itoe na uitizame, mana koili iliyokufa inaonesha ilivyokufa.

Ikiwa imevaa gamba jeupe au la rangi ya maziwa, gumu, nene kama ukoko chini ya sufuria, basi ni chokaa. Unguja yetu imekaa juu ya jiwe la matumbawe, mvua inapita kwenye jiwe hilo kwenda chini na inayeyusha chokaa njiani, ndo mana maji ya visima yakichemshwa yanawacha weupe kwenye birika. Upande wa mashariki na kusini kwenye maweni, na kaskazini kule Nungwi, ndo zaidi. Ndani ya hita ile chokaa inaganda pale penye moto zaidi, yaani kwenye koili yenyewe. Gamba likishakuwa nene joto la koili haliendi kwenye maji linabaki ndani, koili inaiva mpaka inapasuka. Kabla haijafa ina dalili, hita inaanza kupiga kelele kama maji yanachemka au vijiwe vinapasuka ndani, na inachukua muda mrefu kuliko zamani. Ukisikia kelele hiyo usingoje.

Dawa yake ni kuitoa koili na kuiroweka kwenye siki au maji ya ndimu yaliyokoza mpaka gamba lilegee, ncha za umeme zibaki juu zisilowe, halafu sugua kwa brashi laini. Usiigonge kwa nyundo wala kuikwangua kwa kisu, koti la shaba likipata tundu maji yanaingia ndani. Na asidi ya betri isikaribie kabisa. Tena tia mkono ndani ya tangi utoe vile vipande vilivyokusanyika chini, nyumba nyengine unatoa nusu ndoo.

Ikiwa koili imepasuka, imekuwa nyeusi au imepinda na haina chokaa nyingi, basi iliwashwa bila maji. Hili kwetu linatokea sana kwa sababu maji ya mfereji yanakuja kwa zamu na watu wanatumia tangi la juu. Wengi wanadhani maji yakikatika hita inakauka yenyewe, haiko hivyo. Bomba la maji moto linachukua maji juu kabisa ya tangi, kwa hiyo yasipoingia mengine ya baridi hayatoki. Inakauka kwa njia nyengine. Kwenye bomba la baridi kunatakiwa kuwe na ile valvu ya usalama yenye kizuizi cha kurudi maji, sasa fundi bomba akiiwacha, au imeoza, tangi la juu likisha maji na mtu akafungua mfereji wa chini uwani, maji ya hita yanarudi kinyumenyume kupitia bomba la baridi yanatokea uwani. Mwenye nyumba hana habari, anawasha hita jioni, koili imo kwenye hewa tupu, dakika chache tu imekwisha. Kwa hiyo koili ikifa hivi usiweke mpya mpaka umeiona hiyo valvu ipo na inafanya kazi. Na siku ya kufunga mpya, fungua mfereji wa maji moto, fungua maji yaingie, subiri mpaka yatoke mfululizo bila ya kukohoa hewa, hapo ndo uwashe umeme, sio kabla.

Ikiwa koili ina vitundu vidogo vidogo, imeliwa, ina kijani kijani, hiyo ni kazi ya chumvi. Visima vya karibu na bahari maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari chini ya ardhi, kila pampu zikivuta zaidi chumvi inapanda. Ndani ya tangi kuna fimbo ya magnizi, imefungwa pamoja na sahani ya koili au ina tundu lake, kazi yake kuliwa yeye badala ya tangi. Ikishaisha, kutu inageukia tangi na koili. Watu wengi hawajui kama ipo, wananunua hita, wanaitumia miaka, fimbo imekwisha zamani, siku moja tangi linavuja ubavuni na hapo hakuna fundi, ni kununua jengine. Kwa maji matamu itizame mara moja kwa mwaka, kwa maji ya chumvi mimi nasema kila miezi sita, ikibaki nyembamba kama waya au nusu imeliwa, badilisha. Kwenye maji ya chumvi fimbo hiyo ni bora kuliko chochote utakachoifanyia hita.

Na la mwisho ni umeme wenyewe. Ikiwa taa za nyumba zinapanda na kushuka, mara zinang'aa kupita kiasi mara zinafifia, na vitu vyengine vinaungua kama balbu na chaja, nyutro imelegea pahala. Waarifu watu wa Shirika la Umeme waitizame upande wao na fundi wako aitizame kwenye boksi lako, koili mpya haitodumu kwenye umeme huo.

Ukifunga koili mpya weka na gasketi mpya, ule mpira wa kuzuia maji yasivuje, ile ya zamani imeshalala, itavujisha juu ya ncha za umeme.

YANAPATA MOTO LAKINI HAYATOSHI

Hapa tutafautishe ugonjwa na matumizi. Hita ya lita 50 yenye koili ya wati 1500, maji yakiingia na nyuzi 27 inahitaji kama saa moja na robo kufika nyuzi 60, ya wati 2000 kama saa moja. Watu wanne wakipokezana kukoga mfululizo, au nyumbani muna mzazi yumo arubaini anakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, lita 30 zitakwisha na hita haina kosa lolote. Mzazi anataka maji ya moto khasa, hayachanganywi sana, basi washa mapema au mpangie zamu ya mwanzo, wengine wafuate.

Lakini kama zamani yalitosha na sasa hayatoshi na watu ni wale wale, tizama themostati isije ikawa imeteremshwa, weka kwenye 60 hivi. Chini ya 50 kwa muda mrefu si vizuri, kuna bakteria wa Legionella anapenda maji vuguvugu. Juu sana nako si vizuri, maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache tu, changanya ndoo na uipime kwa mkono kabla hujammwagia.

Themostati iko sawa, basi pima volti wakati hita imewashwa, na hili ni la anaejua kupima. Vijiji vya mwisho wa laini, na saa za magharibi kila mtu amewasha vyake, volti zinashuka. Nguvu ya koili inashuka zaidi ya unavyodhania, kwenye volti 200 koili ya 1500 inatoa kama wati 1130, kwenye 180 inatoa kama 920 tu, kwa hiyo ile saa moja na robo inakuwa saa mbili na zaidi. Ukiona hita imezimwa volti ni 228 na ukiwasha zinaanguka mpaka 200, waya wako ndo mwembamba au una kiungo kilicholegea, sio laini ya mtaani. Kama hata imezimwa ni 195, basi ni laini, washa hita alfajiri au mchana.

Sababu nyengine ni bomba la ndani la maji moto. Ni mrija mrefu unaofika juu ya tangi, ukikatika kwa kutu hita inakutolea maji ya chini ambayo ni baridi. Dalili yake, maji yanatoka moto dakika moja kisha vuguvugu, wakati hita imejaa moto tele. Na hita mpya iliyofungwa juzi ikifanya hivyo basi fundi amegeuza mabomba, baridi inatakiwa iingie kwenye buluu na moto utoke kwenye nyekundu. Tena jaribu kufunga maji ya kuingia kwenye hita kisha ufungue mfereji wa moto, maji yakiendelea kutoka ujue baridi inapenya kupitia mfereji wa kuchanganyia mahala fulani kwenye nyumba, na utabadilisha koili kumi bila ya faida.

BREKA INARUKA, AU UNAHISI UMEME KWENYE SHAWA

Ukihisi kutekenywa hata kidogo ukigusa mfereji, bomba au ukiwa chini ya shawa, toka, zima breka ya hita na isiwashwe tena mpaka ipimwe. Usiseme "ni kidogo tu". Koili inavujisha, na nyumba haina erthi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, au erthi yake imekatika, na hayo mawili pamoja ndo yanayoua watu bafuni. Nyumba nyingi za zamani zina waya wa erthi kwenye soketi lakini ukiufuata hauendi popote. Muulize fundi akuoneshe fimbo ya erthi ilipozikwa, na aipime. Kwenye maweni fimbo haishuki, unagonga jiwe, inabidi kutafuta pahala penye udongo, kuweka zaidi ya moja, na wengine wanaikata inchi chache wanaifukia juu juu, hiyo sio erthi.

Ukiwa na breka ya kuvuja umeme, ile yenye kitufe cha kujaribia, ya miliampia 30, na inaruka kila ukiwasha hita, inakufanyia kazi yake, ishukuru na usiiondoe. Chomoa waya za koili, zifunge kwa tepu, pandisha. Haikuruka, koili ndo mbaya. Imeruka bado, unyevu au waya, khasa wakati wa masika maji yakipenya ukutani au juu ya kifuniko. Breka ya kawaida ikiruka baada ya dakika ishirini au nusu saa badala ya papo hapo, mara nyingi ni breka yenyewe imechoka au skurubu yake imelegea na inapata moto, ishike kwa nje, usiiongeze ukubwa wakati waya ni ule ule mwembamba, mana hapo breka haitoruka tena na kitakachoungua ni waya ndani ya ukuta.

VALVU INADONDOSHA

Wengi wanaiona hii kama ubovu. Maji yakipata moto yanatanuka, lita 50 zikitoka nyuzi 27 mpaka 60 zinaongezeka zaidi ya nusu lita, na kwa kuwa kizuizi hakiruhusu kurudi nyuma hiyo ziada inatokea kwenye valvu ya usalama. Kudondosha wakati wa kuchemka ni sawa. Weka mpira mdogo upeleke maji kwenye mtaro, na usizibe kabisa kabisa, sio kwa plagi wala kwa kijiti. Ikitiririka hata hita ikiwa baridi, basi ina mchanga ndani au pampu yako inasukuma kupita kiasi. Nyanyua kile kimkono chake mara moja kwa mwezi kisigandane na chokaa.

SHAWA ZA PAPO HAPO

Hizi haziwaki mpaka maji yazisukume. Ndani kuna mpira unaosukumwa na maji ndo unaunganisha umeme, tangi likiwa juu ya paa mita moja tu presha yake ni kama 0.1 ya bar, ndogo, shawa inatoa maji baridi na watu wanasema imeungua. Safisha kwanza kichujio chake na vitundu vya shawa, mchanga na chokaa vinaziba. Bado, nyanyua tangi au tia pampu ndogo. Na kinyume chake, maji yakitoka kwa kasi sana yatakuwa vuguvugu, punguza kwenye mfereji. Shawa ya wati 5500 kwenye volti 220 inavuta ampia 25, inataka waya wa milimita za mraba 4 au 6 na breka yake peke yake, ukiiunga kwenye waya wa soketi utanusa moshi.

Muhimu zaidi kwa watu wa pwani, nyingi ya hizi waya wake wa moto uko wazi ndani ya maji, na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko matamu, kwa hiyo unavujishwa mpaka kichwani kwako na waya wenyewe unaliwa baada ya muda mfupi. Zipo zinazotengenezwa kwa maji ya chumvi, koili yake imefunikwa, na zimeandikwa hivyo kwenye boksi. Onja maji ya kisima chako kabla ya kwenda dukani, yakiwa na chumvi na muuza duka hana hiyo, nunua ya tangi, fimbo ya magnizi iwe nzima na erthi iwe imepimwa.